Singida mpaka Kajiado: shajara ya fundi mnara

JUMAPILI, Dar – Dodoma

Nimepanda SGR na begi la vifaa ambalo mlinzi pale geti la ukaguzi alitaka lifunguliwe lote, mikanda ya kupandia mnara, karabina, spana, rola za waya na sensa mpya zimefungwa kwenye sponji. Akaviangalia vile vikombe vitatu vinavyozunguka akauliza ni vya nini, nikamwambia vya kupimia upepo, akasema "upepo unaupimaje na wenyewe unapita?" nikamjibu ndo hapohapo unapopita unapimwa. Akacheka akanifungia zipu mwenyewe.

Kwa msiojua kazi yangu, kabla hujasimamisha hata panga moja la umeme wa upepo lazima usimamishe kwanza mnara mwembamba wa kupimia, wa kwetu ni mita 80, umeshikiliwa na waya pande zote, una vikombe vya kupima kasi na mikia ya kuonyesha mwelekeo kwenye vimo tofauti, na chini kuna kisanduku kinachotunza wastani wa kila dakika kumi usiku na mchana. Mnara unakaa hapo mwaka mzima kwa uchache kabisa na wenye hela wanapenda zaidi ya mwaka, manake bila hizo data benki haikopeshi na bila mkopo hamna mradi, kuna ramani nzuri tu ofisini. Mimi ndo naihudumia hiyo minara.

Safari hii bosi kaniongezea kitu. Nikimaliza Singida niunganishe Babati, Arusha, Namanga mpaka Kipeto huko Kajiado, Kenya, nikaone watu ambao mapanga yao yanazunguka tayari, nikaongee na wenye ardhi. Kampuni inataka kuandika upya fomu ya makubaliano na wanavijiji na wameona aende mtu anayekaa nao kuliko mwanasheria. Sikubisha.

Dodoma tumeingia mapema, usingizi wenyewe haujakolea. Treni inakwenda kwa umeme wa gridi, kwa hiyo kitaalamu nimesafiri kwa maji ya Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lile la megawati 2,115. Hilo bwawa ndo tunaloulizwa kila ofisi tunayoingia siku hizi, "umeme si upo, upepo wa nini tena?" Jibu langu ni lilelile, kumbukeni mgao wa 2022 mito ilipokauka. Huku kati upepo mkali unakuja kiangazi, yaani wakati uleule mabwawa yanashuka. Bwawa linaweza kutunza maji yake wakati upepo unafanya kazi, hawa ni wa kusaidiana wala sio wapinzani.

JUMATATU, Dodoma – Singida

Siku ya futi kamba. Dereva na mimi tumetoka na gari ya kampuni na kazi ilikuwa kusimama kila kona, kila daraja, kila mzunguko wa barabara na kila sehemu waya umekatiza juu, tupime na kupiga picha. Sababu ni hii, panga moja la mashine za kisasa lina mita 60 na kuendelea na halikunjiki, linakuja zima na meli mpaka bandarini alafu linapanda trela lenye matairi ya nyuma yanayokata kona yenyewe. Mnara wake unakuja kwa vipande lakini panga halina vipande. Ukikosea kona moja tu trela linakaa barabarani na mabasi ya Mwanza yanapanga foleni nyuma yako.

Baada ya Kintinku barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni na hapo ndo tumekaa muda mrefu kuliko kote. Dereva, ambaye kaendesha malori ya mafuta ya Kigali miaka mingi, aliangalia ile kona akasema pale hapatoshi bila kuchonga bega la barabara, na sisi na futi zetu tukapima tukapata jibu lake yeye. Nimeandika kwenye ripoti "kwa mujibu wa vipimo". Angenisamehe.

Ikungi tumekula kuku na ugali, na mlenda pembeni. Kuku wa Singida sio maneno.

JUMANNE, mnarani

Nimeamka kabla ya adhana manake upepo wa huku ukishaamka wewe hupandi tena. Tuna kiwango chetu, ukizidi hapo hamna kupanda hata bosi akipiga simu. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa mkanda, saa mbili asubuhi nipo juu kabisa, naona mawe makubwa ya Singida yametapakaa kote, mashamba ya alizeti yameshavunwa yamebaki mabua, na kule mbali ziwa Singidani linang'aa.

Tatizo lilikuwa hivi. Juu kabisa tunaweka seti mbili za vile vikombe vitatu, kila seti sisi tunaiita kikombe tu, pande mbili tofauti, kwa sababu mnara wenyewe unakinga upepo, kimoja kikikingwa kingine kinapata upepo safi. Sasa kwa miezi kadhaa kimoja kilikuwa kinasoma chini ya mwenzake hata upepo ukitoka upande ambao hamna kinachokingwa. Mtu wa ofisini akasema ni programu. Nimekifungua nimekikuta na vumbi jekundu kwenye beringi, kinazunguka kama mtu anayelazimishwa kucheza. Nimefunga kipya, nimechukua namba ya cheti chake, nimepiga picha.

Mtu anaweza kusema sasa tofauti ya mita moja kwa sekunde ndo unapandia mita 80? Ndugu yangu, nguvu ya upepo inapanda kwa kasi kuzidishwa yenyewe mara tatu. Upepo ukitoka mita 7 kwa sekunde kwenda 8 umeongezeka kidogo tu kwa macho lakini nguvu iliyomo imeongezeka karibu nusu nzima. Geuza sasa, ukisoma 7 badala ya 8 umepoteza karibu theluthi ya hesabu, na kwenye mradi wa megawati 100 hiyo ni tofauti ya mradi kuwepo na mradi kuwa faili kabatini.

Na hapa niseme kitu. Kila andiko kuhusu upepo wa Tanzania linaanza na zile namba mbili, Kititimo hapa Singida mita 9.9 kwa sekunde na Makambako 8.9, zilizopimwa kimo cha mita 30. Zinanukuliwa kama aya. Namba nzuri, sikatai, lakini zimenukuliwa miaka na miaka na Singida bado haina hata panga moja linalozunguka, na miradi imetajwa hapa tangu kabla ya 2010, kuna Wind East Africa wa megawati 100, kuna Geo Wind wa megawati 50. Mashine za upepo zilizoanza kuuza umeme nchini zipo Mwenga, Mufindi, tatu tu, jumla megawati 2.4, tangu 2020. Kwa hiyo sio kwamba upepo haujulikani, upepo unajulikana mpaka umechoka kujulikana.

Chini nimekuta paneli ya sola ya kisanduku imeondoka tena. Mlinzi wetu, mzee wa hapahapa kijijini, kanisogelea taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Paneli imekwenda usiku wa mnada. Nilisikia pikipiki."

"Hukupiga filimbi?"

"Nilipiga. Ila filimbi na pikipiki, nani anashinda?"

Nimefunga ya akiba, tumeilehemu kwenye fremu safari hii.

JUMATANO, ndege

Nimekaa na dada wa ndege, yule anayehesabu ndege wa porini kwa ajili ya mradi. Kazi yake anakaa kwenye kiti cha kukunja sehemu moja kwa masaa, darubini mkononi, anaandika kila ndege mkubwa anayepita, kimo chake na anakoelekea. Singidani na Kindai zinapata heroe na mwari, kuna tai pia, na swali la TAM, yaani tathmini ya athari kwa mazingira inayokwenda NEMC, baraza la mazingira, ni je njia zao zinapita pale tunapotaka kuweka mapanga. Nikamuuliza leo kuna nini, akasema "leo kuna jua." Ndo hivyo siku nzima. Ila amenionyesha kwenye ramani mstari mmoja wa mashine ambao anataka usogezwe mbali na ziwa na anaonekana sio mtu wa kushindwa.

ALHAMISI, mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mti mkubwa nje ya ofisi ya mtendaji. Jina la kijiji naliacha. Tulialikwa saa nne, tumeanza saa sita, kawaida. Mwenyekiti kafungua, mtendaji kasoma agenda, afisa ardhi wa wilaya kasema machache alafu nikapewa mimi nieleze mnara unafanya nini na mashine zenyewe zitakaaje.

Nikawaeleza kwamba mashine hazikai zimebanana, moja ikiwa mbele ya nyingine inamwibia mwenzake upepo, kwa hiyo kwa kufuata upepo unakotoka unaacha nafasi ya mara tano mpaka saba ya upana wa duara la mapanga. Maana yake mashine moja ipo shamba hili, nyingine iko karibu nusu kilomita na zaidi kule. Katikati watu wanalima kama kawaida, ng'ombe wanapita. Kinachochukuliwa moja kwa moja ni msingi wa zege, kiwanja cha kusimamisha kreni, na barabara. Nyumba ndo lazima ziwe mbali, kwa sababu ya kelele na kile kivuli cha mapanga kinachopita dirishani asubuhi na jioni jua likiwa chini.

Hapo akasimama mama mmoja, kanga kiunoni, sauti haina haraka.

"Mwanangu, umeeleza vizuri. Mimi nyumba yangu iliandikwa namba na rangi nyekundu, sio na nyie, na waliokuja kabla yenu. Wakatuambia msijenge, msipande miti ya kudumu, fidia inakuja. Nimekaa sijaongeza hata chumba. Mtoto wangu kaoa, kalala sebuleni. Hao watu sijawaona tena. Nyie mtakuja na rangi gani?"

Watu wakacheka lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha kufurahi.

Afisa ardhi ndo akasimama akajibu na kwa kweli kajibu vizuri. Kawaambia sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini ukishaidhinishwa, fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inaanza kudai riba, na ikipita miaka miwili haijalipwa ule uthamini umekufa, lazima waanze upya kwa bei za wakati huo. Yaani ile namba nyekundu haina nguvu tena. "Mama, ongeza chumba." Makofi mpaka mti ulitikisika.

Alafu mzee mmoja wa pembeni, kofia ya baraghashia imefifia rangi, akauliza swali ambalo ndo limenifanya niandike hii shajara. Akasema, "Hayo mapangaboi yenu yatakaa miaka mingapi?" Nikamwambia ishirini, ishirini na tano. "Na yatauza umeme kila siku?" Ndio mzee, kila siku yenye upepo. "Sasa mbona mimi mnataka kunilipa siku moja?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu. Fidia ina thamani ya ardhi, ina mazao, ina posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya malazi, yote yapo kwenye kanuni. Nikaanza kuyataja nikaona mzee anatikisa kichwa polepole, sio kwamba hakuelewa, alielewa kuliko mimi. Nikamwambia mzee kesho naondoka naenda kuwauliza wanaolipwa kila mwaka, nitarudi na jibu. Mwenyekiti kaandika kwenye muhtasari kwamba nimeahidi, na muhuri kagonga.

IJUMAA, Singida – Arusha

Nimepanda basi la alfajiri, dirishani upande wa laini. Kama hujui, Singida sasa hivi ni njia panda ya umeme. Ile laini ya kilovoti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga inapita hapa, na hapahapa ndo inaanza laini nyingine ya kilovoti 400 kwenda Babati, Arusha, Namanga na kuishia Isinya Kenya, zaidi ya kilomita 500 zote, na imewashwa Desemba 2024. Mtu wa upepo akiona hivyo anameza mate. Kwenye miradi mingi upepo upo sehemu ambayo laini haipo, Ziwa Turkana ndo mfano wa darasani, mashine 365 za megawati 310 zilimalizika kusimamishwa 2017 zikakaa zimezubaa mpaka Septemba 2018 zikisubiri laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa, na serikali ya Kenya ikabebeshwa malipo ya mabilioni ya shilingi kwa kuchelewa. Sisi laini imetutangulia.

Katesh tumesimama chini ya Hanang. Makovu ya tope la Desemba 2023 bado unayaona mlimani. Basi zima lilinyamaza kidogo, alafu mtu akanunua mahindi.

Kuanzia Babati abiria mwenzangu alikuwa anabishana na kijana wa nyuma kuhusu ile habari ya 2025 ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, mmoja anasema aibu, mwingine anasema biashara. Nimekaa kimya mpaka wakaniuliza, nikasema waya haujui aibu, leo unaingiza kesho unatoa, swali ni sisi tutakuwa na cha kutoa huku juu au cha kutoa chote kiko Rufiji. Wakaniona mwanasiasa.

Arusha nimelala.

JUMAMOSI, Namanga – Isinya – Kipeto

Mpakani haikuchukua muda. Matatu ya Kajiado, alafu nyingine ya Isinya, alafu bodaboda ile barabara ya Kiserian, na mapanga unaanza kuyaona kabla hujafika, meupe, mashine zipo 60 za megawati 1.7 kila moja, zimeanza biashara 2021. Laini yao fupi tu, kilovoti 220 mpaka Isinya. Yaani laini iliyoanzia nyuma ya guesti niliyolala Singida inaishia kituo kilekile ambacho haya mapanga yanaingizia umeme. Nilisimama pale kidogo nikiangalia hilo.

Mwenyeji wangu ni mzee wa Kimaasai mwenye mashine kwenye ardhi yake, tumeunganishwa na rafiki wa rafiki. Chai ya maziwa, mbuzi wanapita chini ya mnara kama vile haupo. Sauti ipo, unaisikia, fyuu fyuu fyuu, akaniambia wiki ya kwanza mbwa walikuwa wanabweka usiku kucha, siku hizi wanabweka ikisimama.

Nikamuuliza swali la mzee wa Singida nikiligeuza. Mzee, wewe unalipwaje?

"Hapa sisi hatukuuza shamba, bwana. Tulikodisha. Kuna pesa ya kila mwaka, na kuna asilimia ya ile stima inauzwa. Upepo ukiwa mzuri na mimi niko mzuri. Na community pia iko na share yake."

Hiyo share ni kweli, kuna amana ya jamii inayopata sehemu yake kwenye mradi. Na kuhusu ndege pia wamejipanga, kuna watu kazi yao ni kuangalia tai tu, tai wa porini akikaribia wanapiga simu mashine inasimamishwa mpaka apite. Dada wa ndege nilimtumia sauti ya WhatsApp hapohapo, akajibu na alama za mshangao mstari mzima.

Nikamwambia mzee hii mnayoifanya nataka niibebe kama ilivyo niipeleke Singida. Akakung'uta jivu la sigara yake akaniuliza, "Huko kwenu kila mtu ako na title deed yake?"

Hapo ndo mfupa. Huku Kajiado zile group ranch, yaani ardhi za malisho zilizomilikiwa na kundi zima, zilishagawanywa zamani, kila familia ina hati yake, ndo maana kampuni ilikaa mezani na mtu mmoja mmoja na kila mmoja aliweza kusema ndio au hapana. Kwetu ardhi ni ya kijiji chini ya sheria ya mwaka 1999, na mwekezaji wa nje hawezi kuimiliki, njia iliyozoeleka ni ardhi ihamishwe kwanza itoke kuwa ya kijiji iwe ardhi ya jumla, ikizidi hekta 250 inakwenda mpaka kwa waziri, alafu ndo apewe yeye. Ikishahama, kijiji kimelipwa fidia kimetoka kwenye stori, hakuna wa kulipwa kila mwaka. Yule mama na chumba chake, yule mzee na baraghashia yake, wote wapo nje ya mkataba kabla panga la kwanza halijafika bandarini.

Mzee wa Kipeto pia hakunipamba. Kasema majirani wasio na mashine walinuna, wengine bado wamenuna, kwamba upepo unapita kwao ila pesa inatua kwa jirani. Kanikumbusha na Kinangop, mradi wa megawati 60 uliokuwa na hela tayari na mashine tayari, wakulima wakaukataa, kukawa na vurugu na mtu kufa, na 2016 ukafungwa. Na hata Turkana wenyewe, 2021 mahakama ya mazingira na ardhi Meru ilisema hati za ile ardhi hazikupatikana kwa utaratibu. Mapanga yakazunguka, kesi nayo ikazunguka.

JUMAPILI, Namanga tena

Nasubiri basi, nimemwandikia bosi meseji ndefu kuliko zote nilizowahi kumwandikia. Nimemwambia fomu ya Kipeto haikopiki kwetu kama ilivyo. Nimemwambia ile hela ya mnara wa pili, waihamishie kwanza kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji na upimaji wa hati za kimila, manake mwenye hati ya kimila ana kitu cha kukodisha, akipata kibali cha halmashauri ya kijiji, na mkataba unaweza kuwa wa kila mwaka. Na mwanasheria aangalie kama kampuni ya Kitanzania inaweza kukodi kwa njia hiyo bila kuihamisha ardhi ya kijiji. Na majirani wasio na mashine wawekwe kwenye mfuko wa kijiji tangu karatasi ya kwanza.

Kajibu baada ya nusu saa: "Data za mnara zimekaaje?"

Nikamwambia data ziko vizuri, kikombe kipya kinasoma sawa na mwenzake, upepo usiku wa Jumanne ulikuwa mkali. Alafu nikamtumia tena ile meseji ndefu, nikaongeza na picha ya muhtasari wa kijiji wenye muhuri ambapo jina langu limeandikwa kwamba nitarudi na jibu. Kasoma, tiki mbili za bluu. Akaandika, "Njoo nayo ofisini Jumatano, mwanasheria atakuwepo. Na risiti za bodaboda usisahau."